Kuotesha Rehani Nyumbani: Usiuogope Mkasi

"Mrehani wangu ulikuwa umenawiri, ukatoa maua, sasa umebaki vijiti. Nimekosea wapi?"

Swali hili nimeulizwa na jirani, na shemeji yangu, hata na fundi bomba aliyekuja kuziba mvujo akaona ndoo zangu zimepangwa ukutani. Tisa kati ya mara kumi jibu langu ni lile lile: hukuukata. Pwani tumezoea kuuona mrehani umesimama mlangoni kama pambo. Ukipita unaupapasa, mkono unanukia, unaendelea na safari yako. Kuukata mtu anaona ni kuuharibu. Kumbe mmea huu usipokatwa unakimbilia kuzaa, na ukishazaa unajifia. Basi nimeandika hapa hatua zote, kuanzia mbegu mpaka sahani, ili nikiulizwa tena niwe na pa kumwelekeza mtu.

(Na rehani ninayoisema siyo ile ya kuweka nyumba benki. Hiyo siishauri.)

Kwanza, ni rehani ipi?

Ukienda kutafuta utakutana na aina mbili, pamoja na ndugu yao mmoja anayewachanganya watu.

Ipo rehani ya kienyeji ya pwani. Majani yake ni madogo, mashina mara nyingi yana wekundu wa zambarau, na harufu yake ni kali. Hii huvumilia jua na ukame kuliko mwenzake, na miche yake huipati dukani. Unaomba tawi kwa mtu.

Ipo rehani ya majani mapana, laini, yaliyobinuka kama kijiko. Hii ndiyo ya mapishi ya Kiitaliano, na ndiyo inayouzwa kwa pakiti kwenye maduka ya pembejeo. Pakiti nyingi zina maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo tafuta neno "basil". Kwa anayeanza na anayetaka kula, nashauri hii. Inatoa majani mengi na harufu yake haimezi chakula.

Ndugu yao ni kivumbasi, kile tunachokichoma au kukitundika kufukuza mbu. Wako ukoo mmoja, lakini usikitie kivumbasi kwenye mchuzi halafu ukasema rehani ni chungu.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

- Mbegu pakiti moja, au matawi matatu manne kutoka kwa jirani. Soma tarehe ya mwisho ya mbegu. Mimi niliwahi kununua pakiti iliyopitwa na miaka miwili, nikasubiri wiki tatu nikiulaumu udongo.
- Trei, au beseni la zamani ulilolitoboa chini, la kusia mbegu.
- Ndoo za rangi za lita 10 au madumu yaliyokatwa, moja kwa kila mche. Zioshe vizuri, zisiwe na mabaki ya rangi, kisha uzitoboe matundu matano au sita chini. Viriba navyo vinafaa kwa muda.
- Udongo: ndoo mbili za udongo wa juu wenye rutuba, ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza, ndoo moja ya mchanga wa mtoni. Usichote mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na mrehani hauipendi kabisa.
- Mkasi mdogo unaokata kweli. Mkasi butu unalisaga shina, na pale palipopondeka ndipo uozo unapoanzia.
- Mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita kila siku. Dirisha la jikoni linaloangalia ukuta wa jirani halitoshi, hata kama linapendeza kwenye picha.

Kuhusu samadi, hasa ya kuku: hakikisha imeoza mpaka haina tena harufu ya banda na haina joto ukiishika. Nilishaweka samadi mbichi mara moja kwa haraka zangu, na miche kumi na minne ikaungua ndani ya siku nne kama iliyomwagiwa maji ya moto.

Hatua kwa hatua

1. Chagua msimu. Mrehani ni mmea wa joto. Pwani unaweza kupanda mwaka mzima, ila mvua za masika zinasomba mbegu na kuleta ukungu, kwa hiyo kipindi kizuri ni masika yakishaisha, au kabla ya vuli. Kama uko Njombe, Lushoto, Limuru au penginepo penye baridi, usisie Juni wala Julai. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 majani yanaanza kuwa meusi, na barafu ya usiku mmoja inamaliza shamba zima.

2. Sia mbegu. Jaza trei udongo, umwagilie kwanza, uache maji yatulie. Tawanya mbegu juu, kisha nyunyizia udongo laini au mchanga kiasi cha kuzificha tu, unene wa kucha. Kosa kubwa hapa ni kuzifukia. Mbegu za rehani ni ndogo na zinataka kuonja mwanga. Utaona zikilowa zinavimba na kuvaa utando mweupe wa utelezi. Usishtuke, ndivyo zilivyo.

3. Weka unyevu bila kufurika. Nyunyiza kwa chupa uliyotoboa kizibo, asubuhi na alasiri. Penye joto zitachomoza kati ya siku 5 na 10. Zikishachomoza punguza maji. Miche inayokaa kwenye tope inalegea shingoni, inalala, inakufa. Huo ni kinyausi, na mche ulioshikwa hauponi.

4. Punguzia miche. Inapotoa majani mawili ya kweli (yale yanayofuata baada ya majani mviringo ya mwanzo), ng'oa iliyosongamana mpaka kila mche uwe na nafasi ya vidole viwili. Najua roho inauma. Usiitupe uliyoing'oa, ioshe, itupie kwenye kachumbari.

5. Pandikiza. Ikifikisha majani manne hadi sita, kama wiki ya tatu au ya nne, ihamishie kwenye ndoo. Fanya jioni, jua likiwa limepoa. Chota mche pamoja na udongo wake kwa kijiko, usiuvute kwa shina. Ukipanda ardhini, acha sentimita 30 kati ya mche na mche. Watu wanabana kwa kuwa miche ni midogo, halafu baada ya miezi miwili hewa haipiti na ukungu unakuja.

Kama ulipewa tawi badala ya mbegu, ruka hatua zote hizo. Chukua tawi lenye urefu wa kiganja ambalo halijatoa maua, ng'oa majani ya chini, lisimamishe kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga lakini si juani. Badilisha maji kila siku ya pili. Wiki moja hadi mbili mizizi myeupe inatoka. Ikifika urefu wa kidole gumba, panda. Kwa rehani ya kienyeji mimi hutumia njia hii peke yake.

6. Mwagilia kwa kidole, si kwa ratiba. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya ndoo. Kikitoka na udongo umenata, ondoka. Mwagilia asubuhi, na maji yaende kwenye shina, si juu ya majani. Kiangazi cha Januari na Februari pwani, ndoo inaweza kutaka maji kila siku, na kivuli cha saa nane mchana kinasaidia. Maji ya kisima chenye munyu yanaunguza ncha za majani. Kama ndiyo pekee uliyonayo, kinga maji ya mvua inaponyesha na uyatumie hayo kwa mirehani.

7. Kata mara ya kwanza. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende polepole.

Mche ukifika urefu wa shubiri moja, yaani kama wiki ya sita hadi ya nane, inama uutazame kwa karibu. Shina la mrehani si duara, lina pembe nne. Lizungushe kati ya vidole utahisi. Majani yanatoka mawili mawili, yakitazamana. Hesabu kutoka chini: jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa chungulia pale kwenye kwapa, jani linaposhikana na shina. Utaona vijani viwili vidogo mno, kama masikio ya panya. Hayo ni matawi yanayosubiri. Yanasubiri kwa sababu ncha ya juu bado ipo na inavuta chakula chote.

Kata shina juu kidogo ya jozi ya tatu, ukiacha kama nusu sentimita. Ndiyo, sehemu yote ya juu iondoke. Mche utaonekana kama umenyolewa na kinyozi mlevi. Baada ya siku kumi hivi, yale masikio ya panya yamekuwa matawi mawili. Ukiyakata hayo nayo kwa namna ile ile, unapata manne. Mche uliokatwa vizuri mara tatu unakuwa kichaka kinachojaza ndoo. Usiokatwa unakuwa fimbo yenye majani machache kileleni.

Kosa la hapa: kuchuma jani moja moja la chini, lile kubwa, kwa sababu "limekomaa". Hayo makubwa ndiyo yanayolisha mmea. Chuma kwa kukata ncha, siku zote ncha.

8. Endelea kukata kila wiki mbili au tatu. Hata kama huhitaji. Usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mkupuo. Ukishakata, mpe mboji kiganja kimoja juu ya udongo au maji ya samadi yaliyochujwa na kuzimuliwa mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi. Usiende mbio na mbolea ya dukani ya kukuzia: majani yanakuwa makubwa kama ya mchicha na harufu inapotea.

9. Yawahi maua. Dalili huja kabla ya maua yenyewe. Majani ya juu yanakuwa madogo, yanakaribiana, yanajipanga kama kinara kidogo cha pembe nne. Ukiona kinara, kata siku hiyo hiyo, ukishuka jozi mbili chini yake. Ukingoja mpaka uone weupe wa maua, majani yameshaanza kuwa magumu na machungu.

Ila acha mche mmoja utoe maua kwa raha zake. Nyuki watakushukuru, na mboga zako zilizo karibu zitapata wachavushaji. Nitaeleza chini unavyoutumia.

Jikoni

Kanuni niliyofundishwa na bibi yangu wa Pangani, ambaye hakuwahi kusikia habari ya Waitaliano: rehani iingie chungu kikiwa kimeshatoka motoni. Ukiichemsha na mchuzi tangu mwanzo, harufu yote inaishia dirishani na majirani ndio wanaofaidi. Ichane kwa mkono, iangushe, funika dakika mbili. Kwa samaki wa nazi, kwa mchuzi wa nyanya, kwa maharage, ni hivyo hivyo.

Chatne ninayoirudia kila wiki: kikombe kimoja cha nazi iliyokunwa, majani ya rehani yanayojaa mkono, pilipili mbichi moja, punje moja ya kitunguu saumu, chumvi, ndimu moja. Saga na maji kidogo tu. Inakwenda na bajia, muhogo wa kukaanga, au samaki wa kuchoma. Iliwe siku hiyo hiyo, nazi haingoji.

Chai: vunja matawi mawili, yatie kwenye birika la maji yaliyochemka pamoja na kipande cha tangawizi, funika dakika tano. Usiweke maziwa kwanza, onja hivyo.

Na ile pesto, rojo la rehani la Kiitaliano. Watu wa Genoa, Italia, wanatumia kokwa za msonobari, ambazo kwetu bei yake haisemeki. Korosho zinafanya kazi hiyo bila malalamiko: robo kikombe cha korosho zilizokaangwa bila chumvi, majani vikombe viwili, kitunguu saumu punje moja, chumvi, mafuta ya zeituni au ya alizeti ya kutosha kulainisha, na jibini kavu kama ipo. Twanga kwenye kinu ukiweza. Mashine ya kusagia inapata moto na majani yanageuka kahawia. Onyo: usiihifadhi rehani mbichi ndani ya mafuta ukaiacha kabatini kwenye joto. Humo ndani hamna hewa, na vijidudu vya sumu kali ya botulizimu vinapenda mahali kama hapo. Weka kwenye friji na uimalize kwa siku chache, au igandishe kwenye trei ya barafu.

Majani yenyewe usiyatie kwenye friji. Kesho yake yatakuwa meusi, kwa sababu ile ile ya baridi niliyoisema juu. Yasimamishe kwenye glasi ya maji mezani, kama maua. Yanakaa karibu wiki, na mengine yatatoa mizizi ukapata miche ya bure.

Ule mche ulioachwa na maua

Pwani, kwa wengi wetu, mrehani ulijulikana kwenye kikuba kabla ya kujulikana kwenye chungu. Mashuke ya maua yakiwa bado yana majani machanga ya juu, unayafunga kwa uzi pamoja na asmini, waridi, na mkadi ukibahatika kuupata. Kata asubuhi umande ukikauka, uyaweke ndani ya kitambaa chenye unyevu mpaka jioni. Maua ya mrehani peke yake hayana mvuto wa macho, ni vidoti vyeupe tu, lakini kikuba kisicho nayo kina upungufu unaouhisi puani.

Mashuke yakigeuka kahawia yote, yakate, yatie kwenye mfuko wa karatasi wiki moja, uyafikiche, upepete kwa ungo. Mbegu nyeusi zinazobaki ndizo tukmaria, zile unazoziona zinaelea kwenye faluda. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji, ngoja dakika 15, zinavimba kama mayai ya chura. Changanya na maziwa baridi na arki ya waridi, au na juisi ya ndimu. Usizile zikiwa kavu wala kumpa mtoto mdogo kabla hazijavimba, zinaweza kumpalia. Na usile mbegu za pakiti ya kupandia: nyingi zimepakwa dawa.

Ukitaka kupanda tena kutokana na mbegu zako, kumbuka kwamba nyuki hawachagui. Kama rehani ya kienyeji na ya majani mapana zilichanua pamoja, watoto watakuwa wa mchanganyiko.

Ukiona hivi

*Majani ya chini ya njano, udongo umelowa.* Maji mengi. Kagua kama matundu ya ndoo yameziba, na usimwagilie mpaka kidole kitoke kikavu.

*Njano kati ya mishipa ya jani, na ukigeuza chini kuna vumbi la kijivu au zambarau.* Huu ni ubwiri vinyoya, adui mkubwa wa rehani duniani. Mara ya kwanza kuandikwa habari zake ilikuwa hapa kwetu Afrika Mashariki, nchini Uganda, miaka ya 1930. Ukakaa kimya miongo mingi, kisha miaka ya 2000 ukaenea Ulaya na Marekani. Hakuna dawa ya jikoni ya kuutibu. Ng'oa mche, uuchome au uufukie mbali, usiutupe kwenye mboji. Iliyobaki ipe nafasi na acha kulowesha majani.

*Mche umenyauka mchana na haurudi jioni, ingawa maji yapo.* Ng'oa mmoja utazame. Mizizi ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Hamishia kilimo kwenye ndoo zenye udongo mpya, hasa kama hapo palikuwa na nyanya, bamia au bilinganya. Shina likiwa na michirizi ya kahawia ndani, ni mnyauko wa fuzari, na udongo huo usiupandie rehani tena.

*Mashimo makubwa kwenye majani.* Toka na tochi saa mbili usiku. Utawakuta konokono kazini. Waokote. Majivu kuzunguka ndoo yanasaidia mpaka mvua inaponyesha.

*Majani yamejikunja na yananata.* Wadudu mafuta. Wapige na maji ya mpira asubuhi siku tatu mfululizo. Wakikaidi, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni. Mwarobaini nao unafanya kazi, lakini uoshe majani vizuri sana baadaye. Uchungu wake utaukuta kwenye chai.

*Majani makubwa, mazuri, hayanukii.* Kivuli, au mbolea nyingi. Usogeze juani na uache kuulisha wiki tatu.

*Shina la chini limekuwa gumu kama mti na majani yamebaki juu tu.* Umezeeka. Usihangaike kuufufua. Kata matawi matano ya juu yasiyo na maua, yatie kwenye glasi ya maji leo, na wiki mbili zijazo urudi kwenye hatua ya tano.